Sukari ya Inagakiya

Kabla ya kufungua duka, Hatsue Inagaki aliinjika maharage mekundu jikoni, akapiga deki kizingiti, akatundika mlangoni kitambaa chenye jina la duka, kisha akaketi nyuma ya kabati la kioo na kuvaa miwani kusoma ubao wa mji kwenye simu. Kama angeulizwa, angesema anaangalia hali ya hewa. Hakuna aliyemuuliza, maana kila mtu katika mji mdogo wa Hinuma aliusoma ubao huohuo, na kila mtu alikuwa akiangalia hali ya hewa.

Ubaoni hakuna Bwana wala Bibi. Kila anayeandika huitwa Bila Jina. Bila Jina mmoja analalamika kwamba daktari wa meno ana mkono mzito. Bila Jina wa pili anaongeza kwamba hata mdomo wa daktari mwenyewe unanuka. Wa tatu anauliza kama basi la asubuhi limeshapita. Ikifika mchana hao wote watatu wanakutana kwa muuza mboga, wanainamiana mpaka viunoni, na wanamsifu daktari wa meno.

Hatsue hakuwa mtu wa kuandika mambo ya namna hiyo. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mjini Matsue, na Hatsue mwenyewe alisomea fasihi Kyoto. Alipoamua kuolewa na Kyozo, kijana aliyenuka maharage ya kuchemshwa hata siku ya posa, shangazi zake walilia kama wanaozika. Hakujuta. Kyozo alikaa na sufuria, yeye akakaa na wateja. Alikuwa na lugha safi na mgongo ulionyooka, na baada ya miaka michache watu walisema Inagakiya si duka la vitafunio tu, ni nyumba yenye heshima zake. Kila vuli, mchana na usiku vinapolingana na kila familia inakwenda kuosha makaburi ya wazee wake, ohagi za hekalu zilitoka kwao: matonge ya wali wa kunata yaliyofunikwa maharage matamu yaliyopondwa. Tangu enzi za babu yake Kyozo, hekalu halikuwahi kuagiza kwingine.

Kyozo alifariki wakati wa mvua za kiangazi. Alianguka kando ya sufuria, mwiko ukiwa mkononi. Baada ya mazishi Hatsue alirudi jikoni mwenyewe. Marehemu hakuwahi kumwambia mtu vipimo vyake. Akiulizwa alisema unapika mpaka maharage yenyewe yaseme basi. Hatsue alionja, asisikie kitu. Akatia konzi ya sukari, akaonja tena. Akaongeza. Wali ulikuwa kama karatasi mdomoni mwake, na supu kama maji ya moto. Hilo hakumwambia mtu. Aliona ni la kupita, kama mafua.

Asubuhi moja, joto la kiangazi likianza kuvunjika, alikutana na maneno haya ubaoni: "Ohagi za Inagakiya si zile tena. Tangu mzee afariki, sukari imezidi. Inasikitisha."

Aliyatazama mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe. Kufika mchana, wengine walikuwa wameshajipanga chini yake.

"Kumbe! Nilidhani ni ulimi wangu."

"Mwanangu alikula nusu, nusu akampa mbwa. Mbwa naye akasusa."

"Mwaka huu marehemu wetu wataugua kisukari humohumo makaburini."

Chinami, binti yake wa pekee, alikuwa akifunga bidhaa kwa karatasi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mpole kama baba yake, na simu haikumtoka mfukoni.

"Chinami, umeona?"

"Nimeona nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Ubaoni."

Mikono ya Chinami ikasimama juu ya karatasi. "Usijibu, Mama. Nakuomba. Ukinyamaza, kesho watarudi kwa daktari wa meno."

"Jina la baba yako linaburutwa matopeni, mimi ninyamaze?"

"Kule mgeni huambiwa asome kimya nusu mwaka ndipo afungue mdomo. Wana taratibu zao."

"Watu wasio na majina wana taratibu!" Hatsue alicheka kwa ncha ya mdomo. "Nimesoma Kyoto mimi. Nishindwe na watu wasiojua hata mahali pa kuweka nukta?"

Kilichomnyima raha hasa ni hekalu. Kila mwaka, maua mekundu ya makaburini yanapoanza kuchomoza, Bi Setsuyo, mke wa kasisi, huja kuagiza ohagi. Maua yalishachomoza na Bi Setsuyo alikuwa bado hajaonekana. Oda ile ikipotea, Hinuma nzima ingejua kwamba nyumba imeanguka mikononi mwa mjane.

Basi alasiri moja Chinami alipotoka kupeleka bidhaa kwa wateja, Hatsue akavaa miwani na kuandika. Kwanza akawa mama wa watoto wawili: wanangu hugombania ohagi ya mwisho ya Inagakiya mpaka natenganisha ugomvi. Halafu akawa mtalii kutoka Hiroshima, ambaye hajawahi kula kitu kitamu kwa kiasi namna ile. Mwisho akawa mzee wa mtaani anayeijua nyumba ile tangu utoto, na akamtilia mzee huyo maumivu ya magoti ili aonekane mtu wa kweli. Aliona raha. Tangu msiba uingie hakuwahi kujisikia mwepesi hivyo.

Pembeni ya kila ujumbe palikuwa na herufi chache ndogo. Alikuwa ameziona tangu zamani, akidhani ni pambo, kama muhuri kwenye cheti. Hakujua kwamba kila simu hupewa herufi zake kwa siku hiyo, kesho yake nyingine, na kwamba hata mtoto wa shule pale Hinuma huzitazama kabla hajasoma chochote.

Aliosha sufuria, akafuta mikono, akarudi kuangalia wanasemaje.

"Mama wa watoto wawili, mtalii wa Hiroshima na mzee wa magoti wanatumia simu moja. Familia ya ajabu hii."

"Mzee, pole na magoti. Mwambie huyo mtalii akukande."

"Bi mkubwa wa Inagakiya, karibu ubaoni! Vua viatu, keti."

Chini ya hapo waliweka w, herufi ambayo ubaoni ndiyo kicheko, moja baada ya nyingine, mstari juu ya mstari, mpaka kioo kikawa kama uwanja ulioota majani. Hatsue aliilaza simu kifudifudi kwenye kabati, akaenda kuosha sufuria ambayo alikuwa ameshaiosha.

Kesho yake hakuna aliyelitaja jambo la ubaoni. Bwana Kadota wa duka la pombe jirani hakuwahi kupita bila kumtania, "Dada Hatsue, kujipamba kote huko, nani anakuja kuposa?" Siku hiyo aliinama chini kuliko kawaida, akasema hewa leo ni nzuri sana. Mvua ilikuwa inanyesha. Wateja waliingia wachache, wakanunua kimoja kimoja, wakasifu kitambaa cha mlangoni, wakatoka kinyumenyume.

Kisha Bi Setsuyo akaja, na kapu dogo la mapeasi alilolifunga vizuri. Hatsue alipoyaona mapeasi alijua. Mtu anayekuja kuagiza haji na zawadi.

"Mama Inagaki, mwaka huu tumeona tusikusumbue. Msiba bado mbichi. Pumzika."

"Si usumbufu hata kidogo, Bi Setsuyo. Ni heshima yetu."

"Tunalijua hilo. Ndiyo maana tumeona tusikusumbue."

Hatsue alishukuru. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akashukuru tena, akabaki ameinama mpaka mwavuli wa mgeni ulipopinda kona. Mwaka ule ohagi za makaburini zilitoka dukani kule barabara kuu, zimetengenezwa kwa mashine na kutiwa kwenye vibweta vya plastiki. Hatsue alizifikiria zikiwa juu ya kaburi la Kyozo, maana hekalu huweka kwa kila kaburi.

Jioni ya siku ile ya mapeasi hakuwasha taa ya dukani. Aliketi jikoni mbele ya sufuria tupu.

"Ningemjua aliyeanza," akasema. "Nisingemtukana. Ningemtazama usoni tu, basi."

Chinami alikuwa amesimama mlangoni. Akashuka magotini taratibu, akaweka viganja sakafuni na paji la uso juu yake.

"Nitazame mimi, Mama."

Hatsue hakuelewa upesi. Alipoelewa, hakupaza sauti, kwa maana hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Ukaenda kuwaambia watu wote kabla hujaniambia mimi."

"Nilikuambia. Kila siku niliacha ohagi yangu kwenye sahani. Mara ngapi nimesema leo nimeshiba? Ningesemaje zaidi ya hapo, wewe ukiwa umetoka kumzika Baba?" Chinami alisema bila kuinua kichwa. "Nilijua unasoma ubao kila asubuhi. Nikasema moyoni, Mama ataona, atapunguza, yatakwisha. Nilidhani pasipo na jina hapana aibu. Sikujua kama wengine watadandia."

"Jina lilikuwepo. La baba yako."

Giza likaingia jikoni.

"Ni tamu sana?" Hatsue akauliza.

"Sana, Mama."

"Mimi sisikii."

"Husikii nini?"

"Chochote. Tangu tumzike."

Chinami aliinua uso. Mama yake alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama aliyesema jambo la kawaida tu.

Kuanzia hapo Hatsue alipika na Chinami akaonja. Mama alisimama na mwiko akiutazama uso wa binti kama mtu anayesoma. Punguza. Punguza tena. Chumvi kidogo. Asubuhi moja Chinami alifumba macho, kijiko kikiwa bado mdomoni, akasema, "Hii ni ya Baba," na wote wawili wakageuka kutazama upande mwingine.

Walizipanga ohagi hizo kwenye kabati la kioo. Jioni walizitoa vilevile, hazijanunuliwa. Watu walikuwa wameshazoea kutomsumbua Mama Inagaki, na walipita mbele ya duka lake haraka kama wanavyopita mbele ya nyumba yenye mgonjwa. Kumwita mtu barabarani na kumwambia njoo uonje, sukari imepungua, ni jambo ambalo nyumba ile isingeliweza.

Majira ya baridi yalipoingia, Hatsue alibandika mlangoni karatasi yenye mwandiko wake mzuri: duka litafungwa mwisho wa mwaka, na nyumba ya Inagaki inashukuru kwa mapenzi ya miaka mingi.

Wakaja. Walipanga foleni kutoka mlangoni mpaka daraja dogo, shingo zimezungushiwa mitandio, baadhi yao wakiwa hawajakanyaga pale tangu kiangazi. Bwana Kadota alinunua masanduku matatu na kulia waziwazi. "Dada Hatsue, sasa mimi asubuhi nitamtania nani?" Walionja wakiwa wamesimama kwenye theluji, wakatazamana. Ubaoni palijaa.

"Inagakiya inafungwa? Haiwezekani."

"Ohagi tamu kuliko zote mkoa huu. Kwa nini hatukuambiwa?"

"Wanangu wawili wamegombania ya mwisho leo. Jamani, ni kweli, mimi si yule wa simu moja."

Kisha majuto yakageuka hasira.

"Haya yote yalianzishwa na yule wa sukari. Tumtafute ni nani."

"Aliandika asubuhi na mapema, kabla maduka hayajafunguliwa. Huyo alikula siku ya nyuma, au ni mtu wa mlemle ndani."

"Binti yao simu haimtoki mkononi. Msinielewe vibaya, nasema tu."

Hatsue aliyasoma akiwa nyuma ya kabati, ambalo sasa lilikuwa tupu. Jikoni Chinami alikuwa anasugua sufuria ya baba yake kwa mara ya mwisho. Mwezi uliofuata alitakiwa kuanza kazi kwenye ofisi ya mji, kaunta ya mbele, ambako kila mtu wa Hinuma angemwona na kumwinamia.

Mama akavaa miwani. Safari hii hakuwa watu watatu. Alikuwa mmoja, na akamfanya mtu asiye na adabu.

"Ni mimi niliyeandika lile la sukari. Mimi hupita tu na gari kila mwaka, nilinunua jioni nikala asubuhi hotelini. Familia yenyewe siijui, habari za msiba nilizisikia njiani. Nimesema nilichoonja, mnalia nini?"

Majibu yalikuja kabla hajavua miwani.

"Huna aibu?"

"Mjane wa watu amefunga duka la vizazi kwa ajili ya mdomo wako."

"Mama yule ana heshima zake. Wewe hufai hata kumpangia viatu mlangoni."

Hakuna aliyemtaja binti tena. Hatsue alishuka kwenye kiti, akapiga magoti juu ya sakafu ya mbao kama inavyopasa mtu anapopokea neno zito, na kila jibu lilipoingia aliinamisha kichwa kidogo.

"Mama, unasoma nini?" Chinami aliuliza kutoka jikoni.

"Hali ya hewa," akasema Hatsue.