Mlango wa Libuyu

Wako wenzangu wa rika langu ambao mpaka leo hawawezi kuvumilia mlio wa filimbi. Kwangu mimi ni harufu ya vanishi. Juzi hapa Kabuga mlango mpya wa jirani ulikuwa unapakwa, harufu ikanikuta naanika nguo, nikakaa chini kwenye matope kama mlevi. Mwenye mlango akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua, na jua lenyewe halikuwepo.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Tuliishi Gitega, mtaa wa mji mkuu, mimi na bibi yangu, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo sebule yake ilimezwa na cherehani. Bibi alishona kanzu na sare za shule, na ulimi wake ulichoma kuliko sindano yake. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi na mandazi ya jana yaliyopashwa kwenye makaa, kisha cherehani inaanza kulia mpaka adhana ya adhuhuri. Mlango wetu wa zamani ulikuwa wa mbao za masanduku. Ukikaa ndani uliona miguu ya wapita njia.

Vita vilipoanza mwaka 1990, askari wakawa wanausukuma mlango huo kwa goti na kudai vitambulisho. Cha bibi kiliandikwa Mtutsi. Tangu hapo hakulala. Alikaa kitandani kanga kichwani, akisikiliza. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mlango ambao akiufunga anaweza kusinzia.

Aliyeutengeneza ni fundi seremala tuliyepakana naye ukuta. Alikuwa Mkristo lakini kila Idi alikula kwetu, tena aliomba aongezewe, na suruali aliyofungia ndoa alishonewa na bibi. Libuyu, mbao ngumu ya msituni, aliitafuta mwenyewe, nzito mpaka watu wanne waliibeba wakihema. Siku ya kuupachika ikazuka shida. Ukifungukia ndani unagonga cherehani, na cherehani haikuwa na pa kwenda. Bibi alisema yeye hasogezi riziki yake kwa ajili ya mlango. Basi fundi akaufanya ufungukie nje, bawaba zikakaa nje, kichochoroni. Hakuna aliyewaza lolote. Tulifurahi kwamba cherehani imepona.

Kuupaka vanishi tulingoja kiangazi kifupi cha mwanzoni mwa 1994, kwa sababu vanishi ikipakwa hewa ikiwa na unyevu hugeuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Fundi aliung'oa tena, akaulaza uani juu ya vigoda viwili, akanipa kipande cha msasa. "Fuata nyuzi za ubao," alisema. "Ukienda kinyume, iko inakwaruzika, na jua itaonyesha watu yote ujinga yako." Nilisugua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nikifika mwisho, bibi anapitisha kiganja, anasema bado. Alikuwa katili kwa kazi, bibi yangu. Kuku mmoja alipokanyaga mkono wa kwanza wa vanishi, tabaka bado bichi, nilichapwa mimi, na yule kuku tulimla jioni ileile.

Mikono mitatu tulipaka. Kati ya mkono na mkono tulingoja siku nzima, bibi akirudia haraka haraka haina baraka, mimi nikilinda nzi kwa kijiti. Siku zile mbili nyumba haikuwa na mlango ila pazia, na fundi alitandika mkeka wake kizingitini akatulinda mpaka asubuhi. Hili silifichi, maana nalo ni kweli. Mlango uliporudi ukutani uling'aa hadi bibi akaona ushungi wake humo. "Mukecuru," fundi alimwita, yaani bibi kizee, "sasa utalala." Na kweli alilala. Nilimsikia akikoroma kwa mara ya kwanza tangu nijue kusikiliza.

Mwezi wa nne mauaji yalipoanza, mama wa ng'ambo ya kichochoro alikuja kutuita tujifiche kwake, juu ya dari. Mimi nilikwenda. Bibi alikataa. "Mimi nina mlango," alisema, na akafunga komeo mbele ya macho yetu. Nilimchukia kwa kiburi kile kwa miaka mingi, hata leo kuna siku namchukia.

Wauaji walikuja asubuhi wakipuliza filimbi, mvua imekatika. Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la bati. Vijana wawili walirudi nyuma ili waupige teke, na hapo fundi wetu akatokea na nyundo yake ndogo na patasi. "Musipige teke!" alisema. "Mutaharibu. Vanishi iko mpya."

Akapiga magoti. Akagonga pini za bawaba moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayetoa jino la mtoto. Wenzake walimsubiri wakivuta sigara. Kisha akauinua mlango, akaugeuza ubavu usikwaruze ukuta, akauegemeza mbali, nao wakaingia, na mimi nikavutwa kutoka kwenye tundu nisione zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilivaa suruali aliyoishona bibi.

Miaka ilipita. Kichochoro kile sasa kimebomolewa, na sijasikia tena cherehani ya miguu ikishindana na adhana. Kabla hakijabomolewa, fundi aliletwa kutoka gerezani mbele ya wakazi, kwenye gacaca, baraza la wananchi la kuhukumu mauaji yale, aseme aliyoyafanya. Alisimama amekonda, akakiri mlango. Mlango tu. Alieleza vizuri, libuyu, mikono mitatu. Akanigeukia na kuniita mjukuu. Akasema Mungu akimjalia atatoka, atanitengenezea mwingine, na kama ninapenda atanipakia rangi badala ya vanishi, niseme tu rangi gani.

Watu walinitazama. Nilimwambia sitaki mlango. Nilitaka aniambie bibi yangu walimpeleka wapi, nikamzike.

Naamini alijaribu kweli kukumbuka.

"Mtoto wangu," alisema, "hapo sikuangalia. Mimi nilikuwa na kazi ya mlango."