Siku Nilipomvuta Mama Mkwe Relini

Mvua ilikuwa imenyesha Elburgon wiki nzima, na kengele ya kivuko chetu cha reli ikawa inalia hata kama hakuna treni. Geti lilishuka likakataa kupanda. Madereva wa malori ya mbao walipiga honi na kunitusi, maana mimi ndiye fundi niliyetumwa kutafuta hitilafu. Nilibadilisha betri, nikakaza nyaya zote kwenye kisanduku. Kengele ikaendelea tu.

Waendao kwa miguu walichoka kungoja, wakawa wanainama chini ya geti na kuvuka. Halafu mwenzangu wa stesheni akanipigia simu: treni ya mizigo inateremka kutoka Molo.

Nikapaza sauti watu wasimame. Wakacheka. "Boss, hiyo kengele inatudanganya tangu asubuhi!"

Mama mmoja aliyejifunika karatasi ya nailoni kichwani, mzigo wa sukuma wiki mgongoni, akapita chini ya geti.

"Mathe, rudi!"

Hakugeuka. Treni ikapiga honi kwenye kona. Nilimkimbilia, nikamkamata mkono, nikamvuta hadi tukaanguka wote matopeni. Mabehewa yakiwa bado yanapita, nilimfokea mbele ya umati: "Wewe ni kiziwi ama ni mwendawazimu? Unataka kufa hapa uniletee shida?"

Akaondoa ile nailoni usoni. Alikuwa mama mkwe wangu.

Mwanamke ambaye kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimsalimia nikiangalia chini. Hata kiti alichokalia sikuthubutu kukikalia.

"Kumbe ni wewe," alisema, akaanza kuokota sukuma zake. Nilitaka kumsaidia, nikarudi nyuma. Nyuma yangu mtu aliuliza, "Si huyo ni mkwewe?"

Nikarudi kazini kwa sababu sikujua nijifiche wapi. Nilipopiga magoti relini ndipo nikaona: matope ya malori yalikuwa yamejaa kati ya reli mbili, maji yametuama. Umeme mdogo unaopita kwenye reli ulikuwa unavujia humo, na mtambo ukawa unadhani kuna treni. Mimi na vibarua wa reli tukachimbua matope, tukaweka kokoto safi. Kengele ikanyamaza.

Jumapili mke wangu alinipeleka kwao. Mama mkwe alileta chai mwenyewe, mkono umefungwa kitambaa.

"Mama, nisamehe."

"Kunivuta, asante. Ningekuwa kaburini." Akamimina chai polepole. "Lakini yale maneno, watu wa soko wote waliyasikia."

Nikainua kikombe. Chai iliniunguza ulimi nikaimeza hivyo hivyo.

Sasa wageni wakija, yeye huwasimulia jinsi mkwe wake alivyomwokoa. Maneno niliyomwita hayataji hata mara moja. Akianza tu, mimi hutoka nje, nikajifanya naangalia ng'ombe.