Siku Niliyobania Dola Saba

Mimi nilishajiapiza kwamba Kariakoo hii hakuna cha kunishangaza, nimeanza kwa kutembeza vijiko mkononi, darasa la saba sikumaliza, leo nina duka la sufuria la milango miwili (lipo, njoo uone), lakini aibu niliyoipata acha niieleze mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa mtaa wa Gerezani.

Mama Neema, Mchaga anayeuza mabegi ya shule, tunatazamana milango. Alitaka kumtumia muuzaji wake wa China dola elfu tatu, mtaji wake wote wa msimu, na kwa kuwa mimi hutuma dola za mtandaoni kila mara, akanikabidhi mimi. Muuzaji alishataja blokcheni, yaani njia ya mtandaoni, anayotaka zipitie, ila simu yangu ikaonyesha njia mbili: hiyo yake, makato dola saba, na nyingine senti thelathini. Sasa mtu wa Kariakoo, ambaye hata maji ya kunywa naomba punguzo, nitoe dola saba? Nikapaza sauti mtaa usikie, "Hawa wanatupiga, njia ni hii!"

"Baba Jose, si utume kidogo kwanza tuone kama zinafika?" Mama Neema akasema.

"Dada, kujaribu ni woga." Nikabonyeza, zote.

Kwangu zikatoka, China kimya. Baadaye muuzaji akajibu kwamba akaunti yake haipokei kwa njia ile, ikabidi waombwe wenye mfumo wa akaunti yake wazitafute kwa ada, nao hawaahidi kitu.

Mama Neema hakulia. Alivuta stuli yangu mlangoni, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuuza sufuria zangu kufidia mtaji wake: "Njooni, bei ya kutupa, mwenyewe kazama mtandaoni!" Watu wakafurika, muuza kahawa akaniuliza, "Bosi, na hapa kuna makato?" na mimi (mwenye duka!) nikawa nafungasha tu.

Baada ya siku chache pesa zikapatikana. Mama Neema akanirudishia mauzo yote, noti kwa noti, akaniletea na ndizi nyama, tukacheka mpaka machozi. Siku hizi njia naichagua kwa usalama wake, makato nalipa bila kununa, na natanguliza dola tano nione zimefika. Ila ada ya kuzitafuta na hasara ya zile sufuria ni zangu: shilingi laki nne, elfu kumi na saba na mia tano.