Siku Niliyomnolea Baba Tezo

Mimi ni fundi wa makabati ya jikoni kule Syokimau, na kama kuna kitu ninachojivunia kupita kiasi, ni vyombo vyangu vya kazi. Nina drili mbili, msumeno wa umeme, na grainda ya betri niliyoichagua baada ya kuzunguka maduka siku tatu nikiwachosha wauzaji kwa maswali. Baba yangu, mchongaji wa vinu na vigoda huko Kalama, alikuwa akiniona nikifungua masanduku yangu anacheka. "Mchagua jembe si mkulima," angeniambia. Yeye alikuwa na kisu, kinoo, na tezo moja, ambayo kwetu tunaiita ngomo.

Tezo ni kama kijembe kidogo kinachochonga badala ya kulima, na wachongaji wa kwetu hawaiazimani. Kila mmoja hujikatia mpini kwa kipimo cha mkono wake, na hunoa mwenyewe. Ya baba hata mama hakuigusa. Akifagia pale baba anapofanyia kazi, aliizunguka. Hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuambiwa.

Mwaka jana baba aliugua nimonia, akalazwa wiki tatu, akatoka hospitalini mifupa mitupu. Pale kitandani aliuliza jambo moja tu, tena na tena: kama ataweza kuchonga. Nyumbani kulikuwa na kigogo cha mti wa mukau alichokuwa amekianza, kigoda cha miguu mitatu alichomwahidi jirani yetu. Mzee huyo alichonga pamoja na baba tangu ujana wao, mpaka kiharusi kikampoozesha mkono wa kulia. Daktari alimwambia baba apumzike mwezi mmoja, kisha ajaribu polepole.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huo wazazi walikwenda kanisani, nami nikabaki nyumbani eti napika. Nikaiona tezo imeegemezwa ukutani, ina kutu. Nikajiambia nitamfanyia baba wema, kesho aikute inang'aa. Kusema kweli nilitaka pia aone grainda yangu inaweza nini. Nikaliweka jiwe lake linalozunguka kwenye makali; cheche zikaruka, nikafurahi, nikaikandamiza zaidi. Nilipoinua, ukingo wa makali ulikuwa umegeuka rangi ya samawati, kama mafuta ya taa juu ya maji.

Nikaichovya kwenye beseni. Kisha nikachukua msasa, nikasugua mpaka ile rangi ikatoka yote. Nimejiuliza mara nyingi: kama sikujua kwamba nimekosa, nilikuwa nafuta nini?

Jumatatu baba alikaa kwenye kazi yake, akasifu makali, akadhani safari hii mama ameigusa, amempangusia kutu. Mapigo matano ya kwanza yalikwenda vizuri. La sita likateleza. Akanoa kwenye kinoo, akapiga tena, tezo ikachubua mti bila kuuma. Akanoa, akapiga, akanoa, jasho likamtoka. Halafu akaacha, na hakuitazama tezo hata kidogo. Aliutazama mkono wake.

"Mwaitu," akaniita, kwa Kikamba "mama yangu", kwa kuwa mimi bintiye nimerithi jina la mama yake. "Huu mkono umeisha."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Mtu aliyesema maisha yake yote kwamba mchagua jembe si mkulima hangeweza kulaumu jembe. Nilijua, na nikafungua mdomo.

"Pumzika, baba," nikamwambia. "Bado uko na dawa mwilini."

Nikarudi Syokimau. Mama akawa ananipigia simu kila jioni. "Baba yako amefunga vitu vyake kwa gunia. Amemwambia jirani atafute kigoda kwa mtu mwingine. Hata chakula anasukuma." Nilimkasirikia mama kwa kunipigia. Nilimfokea mteja kwa sababu ya bawaba, na bawaba niliifunga vibaya mimi mwenyewe. Mwenye haya hugombana na kila mtu isipokuwa anayestahili, ndivyo nilivyokuwa.

Baada ya wiki mbili nikarudi Kalama na uongo niliouandaa vizuri. Nikamwambia baba nataka tezo yake niwaonyeshe wateja wangu, nitairudisha. "Chukua," akasema bila kuinua kichwa. "Kaa nayo tu." Mtu ambaye hakuwahi kumwachia yeyote ile tezo.

Niliipeleka kwa mhunzi wa Mitaboni. Kalama hadi mjini Machakos kuna wahunzi, lakini Mitaboni hakuna anayenijua. Mzee yule alipitisha tupa kwenye makali mara moja tu, akaguna.

"Hii nani alipeleka kwa grainda?"

"Sijui. Niliipata hivyo."

"Huyo mtu alichoma ngomo ya wenyewe. Chuma ikishika moto kama hiyo inakuwa laini, hainolewi ikakaa. Huyo si fundi, ni wa kukata mabati."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikaa juu ya jiwe nikimtazama akikipasha chuma, akikigonga, akikizimisha majini na kukipasha tena kidogo huku akichungulia rangi yake. Alinoa kwa mkono, bila haraka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa bado inaendelea.

Makali yalirudi yamepungua upana wa ukucha. Macho ya baba hayaoni tena vitu vidogo hivyo. Nikamkuta amekaa uani, nikamwekea kigogo mbele yake, nikamwomba ajaribu mara moja tu, kwa ajili yangu. Alikataa. Nikapiga magoti. Akaichukua tezo ili nimwache, akapiga.

Kibanzi kikaruka mpaka kwenye mlango wa jikoni. Akapiga tena, kikaruka kingine. Mama akatoka na unga mikononi. Baba alipiga mpaka akakohoa, akaiweka tezo chini, akauinua mkono wake akaugeuza huku na huku, akilia waziwazi.

"Umerudi," akasema. "Mkono umerudi!"

Nilitaka kusema wakati ule, naapa. Lakini alikuwa tayari amevua kofia, anaomba.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Aliwaambia jinsi mkono ulivyokufa na jinsi Mungu alivyoufufua, kisha akaniita mbele. "Huyu mtoto aliamini wakati mimi nilikataa. Alipiga magoti." Watu wakapiga makofi. Mchungaji akanisogezea maikrofoni, kanisa zima likanisubiri. Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, sentensi moja tu.

"Mungu ni mwema," nikasema.

"Wakati wote," wakajibu.

Mpaka leo sijamwambia. Na huenda ningezoea, kwa sababu mtu huzoea hata jiwe kiatuni, kama jirani asingekuja Jumanne kuchukua kigoda chake.

Alikuja na fimbo, amevaa koti la kanisani. Baba akakileta kigoda kimepakwa mafuta, miguu yake mitatu imetulia chini bila kuyumba. Jirani alikisifu, lakini hakukikalia. Aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya goti la baba.

"Nilikusikia Jumapili," akasema. "Sikulala. Niombee na mimi, rafiki yangu. Na niletee hiyo ngomo niishike."

Baba hakusita hata kidogo. Aliitia tezo yake kwenye kile kiganja kilichopooza, akavikunja vidole vya mwenzake kimoja kimoja kuuzunguka mpini, akavifunika kwa mikono yake miwili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliomba kwa Kikamba, kwa muda mrefu, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Kisha wakasema amina, na baba akaondoa mikono yake taratibu.

Jirani alifumbua macho, akavitazama vidole vyake, akangoja. Tukangoja wote watatu.