Saa Zilizofichwa Drooni

Mtaani walimwita Dakika, kwa kuwa ahadi yake haikupitiliza hata dakika moja. Alikuwa fundi saa kwa miaka thelathini na minne. Kila alipofungua saa, alipanga vipande juu ya kitambaa cheupe na kuvirudisha kwa kumbukumbu tu. Hakuandika kitu.

Siku moja mkewe alifungua droo ya meza yake ya kazi akitafuta uzi. Akakuta saa za watu, tatu, zimebomolewa, vipande vimechanganyika kama mchele na chuya. Wenyewe walikuwa wakiambiwa "njoo kesho" mwezi mzima.

"Umeanza lini kusema uongo?"

"Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kutafuta uzi, nimepata mume nisiyemjua."

Akainamisha kichwa. "Navitazama vipande, mama watoto. Sijui kipi kinatangulia."

Mkewe akampeleka zahanati, wakampima sukari na unene wa kiuno. "Mzee," daktari akasema, "kongosho lako linatoa insulini ya kusawazisha sukari, ila mwili umekuwa sugu, hauisikii. Ubongo nao unaihitaji. Mara nyingi usugu huo huandamana na kumbukumbu kufifia. Siwezi kuapa kwamba ndio chanzo chote, lakini soda tano kwa siku hazikukusaidia."

"Tano? Nilisema tatu."

"Mbili unakunywa ukidhani sikuoni," mkewe akasema.

Nasi majirani tusijitoe. Kitambi chake kilipotokeza tulikisifu, tukakiita afya. Sifa ya namna hiyo ni uongo, na anayeulipia ni mwenzetu.

Kesho yake akaja mwalimu mstaafu, mmoja wa wenye saa. Dakika alimkabidhi droo nzima.

"Mwalimu, nilikudanganya. Imenishinda."

"Fundi, saa hiyo ni ya marehemu mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana niliona haya."

Mwalimu akavuta kiti. "Jaribu nikiwa hapa. Kwangu nani ananingoja?"

Mke wa Dakika akaleta daftari. Kila kipande kilichokubali kuingia alikichora na kukipa namba. Kilichokataa, Dakika alikitukana kwa upole, mwalimu akacheka. Kufika alasiri vilikuwa vimeingia sita kati ya kumi na tisa vya saa ya mwalimu.

"Andika na tulipoishia," Dakika akamwambia mkewe. "Kesho nikikataa kwamba ni kazi yangu, nionyeshe. Usinigombeze."

"Nikugombeze nipate nini?" Akaandika, akampulizia vumbi vidoleni, kimoja kimoja.