Kichwa cha Mzee Saulo Kwenye Stempu

Mzee Saulo wa Kihesa alikuwa mtu aliyechoka kwa haki. Wengine huchoka kwa uvivu, wengine kwa wake zao. Yeye alichoka kwa barua. Ujana wake wote aliumalizia kwenye utarishi, mkoba wa posta mgongoni, Iringa hadi Mafinga na kurudi, na mwenzake wa mbele akiugua basi yeye huyo hadi Mbeya. Kurudi ndiko kulikomuua. Unafika Ipogolo kule bondeni magoti yameshaaga, halafu mji wenyewe umekaa juu ya mlima kama unakucheka. Malori yalipoichukua kazi ile, wenzake walinung'unika. Saulo alikwenda nyumbani, akakaa.

Mwaka wa kisa hiki Mfalme Joji wa Uingereza alikuwa amekwisha kufa na Malkia ameshika kiti, kwa hiyo stempu zote zilitakiwa kuwa na sura mpya. Wakubwa wakauliza kila wilaya ina kitu gani cha kujivunia. Bwana Shauri wa Iringa, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akaitisha kamati bomani, na kamati ikafanya kazi ya kamati, yaani kila mtu alijitetea mwenyewe. Bwana Shauri alitaka samaki aliyemvua Mufindi. Mwalimu Eliezeri alitaka shule, ikiwezekana na mwalimu amesimama mlangoni. Taherali mwenye duka alitaka mtaa wa maduka, akaeleza hata ni duka lipi lionekane vizuri. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe, kwa kuwa hakuna aliyekubali cha mwenzake, walikubaliana juu ya mtu ambaye hakuwapo: tarishi mzee, Saulo.

Zubery, karani wa posta, ndiye aliyetumwa kupeleka habari.

"Shikamoo mzee. Kichwa chako kinaingia kwenye stempu."

"Marahaba. Kitafanya nini humo?"

"Kitakwenda na barua. Dar es Salaam, Nairobi, mpaka Ulaya."

Saulo aliitazama miguu yake, aliyokuwa ameinyoosha juani. "Kwa hiyo mnanirudisha kazini."

"Ni picha tu, mzee. Mtu anailamba mgongoni, anaibandika, na mimi naigonga mhuri."

"Unaigonga wapi?"

Zubery alijikuna. "Usoni."

Hata hayo yangevumilika. Lakini siku chache baadaye kamati ilipata habari kwamba mtu aliye hai haruhusiwi kukaa kwenye stempu, ila Malkia peke yake. Kamati nyingine ingerudi kwa samaki. Hii ya Iringa, kwa kuogopa kuanza ugomvi upya, iliamua kungoja.

Wakaanza kuja kumjulia hali. Taherali alileta sukari, akauliza kifua. Mwalimu Eliezeri alileta unga, akamwangalia mzee kama mtu aangaliavyo ndizi ambazo bado hazijaiva. "Kamwene, mzee. Usingizi unapata?"

"Napata."

"Sawa," alisema Mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa njoo kesho.

Mama Tekla, mkewe Saulo, hakuona ubaya wowote. "Wacha waje. Miaka yote hiyo ulileta barua za watu, nani alikuletea sukari?"

Ila Kihesa ina macho. Watu wenye makoti wanaingia kwa mzee na unga, wanatoka wameinamisha vichwa; hiyo kwa majirani ina maana moja tu. Asubuhi moja Saulo alitoka chooni akakuta wanawake wamekwisha kutandika mikeka uani, kuni zimeteremshwa, na mmoja ameshaanza kulia. Alimjua; ni yule aliyemnyima moto juzi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Kilio kilikatika. Wanawake walitazamana, wakamtazama. Hakuna aliyetaka kumwambia.

"Baba," alisema mmoja kwa adabu, "sisi tulisikia umetangulia."

"Sijatangulia. Nilikuwa chooni."

Walikaa hata hivyo. Kuni zilikuwa zimeshaletwa, na mtu hawezi kubeba kuni za msiba kuzirudisha nyumbani kwake. Wakapika ule unga wa Mwalimu, wakala, na Saulo akala nao, pole pole, kama mgeni. Jioni Zubery alimnong'oneza kamati ilikuwa ikingoja nini.

Kilichomkosesha raha si kilio. Ni kwamba alikuwa akikitegemea kifo kama mtu anavyotegemea likizo, na sasa aliona hata kule wamekwisha kumwekea mkoba. Alichukua fimbo akapanda bomani, akisimama mara kwa mara kuipa miguu pole.

Kamati ilisimama alipoingia. Alitaka wamfute.

"Mzee, hii ni heshima," alisema Bwana Shauri kwa Kiswahili chake cha kupiga pasi.

"Heshima nimeiona, bwana. Ilikuja na kuni."

"Lakini ni picha tu," alisema Taherali. "Wewe mwenyewe utakuwa umelala, hujui kitu."

"Na mkoba ulikuwa karatasi tu. Ubebe wewe, Taherali, tuone." Alishusha pumzi. "Hapa kwetu marehemu akisumbuliwa, anasumbuliwa kwa pombe ya tambiko, na anakunywa kwanza. Nyinyi mnataka kunilamba, kunigonga na kunituma Ulaya, na pombe hamna. Tafuteni anayependa kutembea."

Bwana Shauri alikata jina. Akaandika samaki, upesi, kabla wenzake hawajakaa.

Samaki naye hakufika popote. Stempu mpya zilipokuja, Zubery alimwita mzee dirishani aone. Kwenye mojawapo alisimama twiga.

Saulo alimkagua chini kwanza. "Huyu sawa," alisema. "Miguu anayo."

Zubery akaibandika kwenye barua ya mtu, akainua mhuri na kuushusha. Mzee alikuwa amekwisha kufumba macho.