Jina la Mama Yake Wiliamu

Uji wa nyumbani kwa Wilhelmina una chumvi. Mgeni akionja kijiko cha kwanza hushtuka, akaanza kutafuta bakuli la sukari kwa macho, na Wilhelmina humwacha ahangaike kidogo kwa sababu anapenda kuiona sura yake. Ndipo humwambia, "Sisi ndivyo tunavyokunywa. Tumeachiwa na babu." Ukimuuliza ni babu gani huyo asiyejua utamu, basi jiandae, shughuli zako zote za siku hiyo zimelala.

Babu mwenyewe aliitwa Wiliamu Smithi, Mskoti, fundi wa injini za meli bandarini Mwanza. Alikuja angali kijana, akamwoa Kija wa Ilemela, akajenga huko huko ukweni juu ya mawe, na kwao hakurudi tena. Kisukuma alikisema vizuri kuliko Kiswahili. Alikuwa na tabia ya kushuka ufukweni kwenye dagaa walioanikwa na kusimama pale akivuta harufu mpaka Kija anaona aibu. Alisema inamkumbusha Buckie, mji wa wavuvi alikozaliwa. Alipofariki alizikwa Ilemela, akamwacha binti mmoja, Getruda, pamoja na huo uji wa chumvi. Getruda ndiye mama yake Wilhelmina, na jina Wilhelmina lenyewe ni la babu, limevalishwa gauni tu.

Wilhelmina ana steshenari Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga. Anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, lakini kazi inayomjazia benchi ni kuwaombea watu vyeti vya kuzaliwa mtandaoni. Ni mwanamke wa mwili, sauti yake inasikika mpaka kwa muuza chipsi, na subira hana kabisa, isipokuwa kwa makaratasi. Ukimpa karatasi iliyofutikafutika atakaa nayo kama mtu anayemnyonyesha mtoto mgonjwa.

Sasa mwanawe Pius na mkewe Gladness wakapata mtoto wa kike, na mtoto akawa wa kulia. Alilia asubuhi, alilia mchana, alimlilia padri aliyekuja kusalimia. Kliniki walimpima wakasema ni mzima kabisa. Bibi Getruda, ambaye miguu ilikwisha kumchoka na siku nyingi hushinda kitandani, alisikiliza kilio kile akatoa hukumu.

"Huyo analilia jina. Kuna mkubwa anataka aitwe."

Ndivyo ilivyo kwao. Mtoto akilia bila ugonjwa, wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze. Wakamtajia Kija, akapiga ukelele. Wakamtajia bibi wa upande wa Gladness, akazidisha. Getruda akasema hao wote wamekwisha kupata wa kuwarithi, lakini upande wa baba yake hajaitwa mwanamke hata mmoja. Alipokuwa msichana alimuuliza baba yake, mama yako anaitwa nani, naye akajibu bila kusita: Isabela. Wakamtajia mtoto Isabela. Akanyamaza jioni nzima, na nyumba ikalala usingizi wa kushiba. Kesho yake akaanza upya.

"Mnaona? Tumemwita nusu," Getruda alisema. "Maisabela wako wangapi duniani? Binti wa nani, wa nyumba ipi? Mina, wewe ndiye mwenye kompyuta. Nitafutie. Nataka nimwite kwa mdomo wangu mwenyewe, nikijua ninayemwita ni nani. Na mimi sina muda mrefu."

Wilhelmina akawa hana la kufanya ila kutafuta. Waskoti, mtu awaseme atakavyo, wanajua kutunza karatasi. Sensa zao za zamani zimewekwa mtandaoni nyumba kwa nyumba, na vitabu vya ubatizo vya parokia vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Tatizo lilikuwa Buckie yenyewe. Ule mji ulikuwa na koo chache, kila mvuvi ni Smithi, na kila Smithi amemwita mwanawe Wiliamu. Kilichoweza kumtofautisha babu na wenzake ni jina la mama yake tu.

Kwa hiyo alimtafuta Wiliamu Smithi, mwana wa Isabela. Alipata mmoja, akashangilia mpaka wateja wakapiga makofi, kumbe yule alikufa angali mchanga. Akapata mwingine, naye alikwenda vitani asirudi. Wa mwisho alikutwa Buckie kwao, ana mke na watoto, mwaka ambao babu alikuwa tayari Mwanza amejaa grisi.

"Mama Pius," mumewe Masele alimwambia, "labda babu yako hakuzaliwa. Labda alitoka tu ziwani."

"Nyamaza, au kesho utapika uji wako mwenyewe."

Masele akatoka akicheka. Lakini wiki hiyo Getruda alishikwa na homa ya mapafu, akawa anahema kwa shida, na kila Wilhelmina alipoingia chumbani yale macho yalimuuliza swali lile lile. Aliogopa. Alikuwa na woga wa kumzika mama yake akiwa na neno mdomoni ambalo hakupata kulisema.

Mlango ulifunguka kwa kazi yake ya kila siku. Msichana mmoja alikuja dukani na mwanamke, akitaka cheti cha kuzaliwa, na ombi lake lilikuwa limekataliwa.

"Huyu ni nani wako?" Wilhelmina aliuliza.

"Mama."

"Mama aliyekuzaa?"

Msichana akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Ni mama mdogo. Aliyenizaa alifariki. Lakini mama ni huyu."

Wilhelmina huuliza swali hilo kila siku, wakati mwingine hata kabla mteja hajakaa. Hapa kwetu dada wa mama ni mama, hakuna anayejisumbua kueleza, ndiyo maana yeye huuliza. Watu wote wa Buhongwa amewauliza. Juu ya babu yake tu hakujiuliza, kwa kuwa alimweka akilini kama Mzungu, na Mzungu akisema mama alidhani lazima awe ndiye aliyemzaa. Alisahau kwamba mzee yule aliulizwa na mtoto wa Kisukuma, kwa Kisukuma, akajibu kama mtu wa Ilemela.

Alimhudumia msichana, kisha akafunga duka mchana kweupe. Akarudi kwenye sensa, safari hii akimtafuta Isabela mwenye mtoto wa dada yake. Hakuchukua muda. Isabela Kaui, hajaolewa, kazi yake kupasua na kusafisha samaki. Nyumbani mwake yumo mvulana, Wiliamu Smithi, mpwa wake.

Kwa jina hilo la Kaui kitabu cha parokia kikafunguka. Wiliamu, mwana wa John Smithi mvuvi na Elspeth Kaui. Pembeni mchungaji alikuwa ameandika kwa herufi ndogo kwamba mtoto alibatizwa nyumbani, mbele ya jeneza la mama yake. Wilhelmina aliusoma mstari ule, akaweka kichwa juu ya kibodi akalia kwa sauti, na muuza chipsi akaja mbio akidhani kuna msiba. Kwa kweli ulikuwepo, ila ulikuwa umechelewa kufika.

Nyumbani alimkuta mama yake ameegemezwa mito, homa imepungua. Gladness alikuwa amekaa pembeni na mtoto, ambaye bila shaka alikuwa analia. Wilhelmina akaeleza yote, polepole, akishika mkono wa mama yake.

Getruda akajiinua kidogo kwenye mito.

"Kwa hiyo Isabela alimlea."

"Alimlea, mama. Kwa kusafisha samaki."

"Na huyu mwingine, Elisipeti. Baba hakuwahi kumwita mama."

"Hakuwahi. Alikuwa mchanga."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mama."

Machozi yalimtoka bibi kizee, hakuyafuta. "Isabela alipata mtoto wa kumwita. Mungu ambariki, baba alimpenda. Lakini huyu hakuna aliyemwita. Ndiyo maana analia hivi, na mimi ningelia. Nipeni."

Gladness akamweka mtoto kwenye mapaja yake, akimshikilia kwa chini maana mikono ya bibi haikuwa na nguvu. Getruda akainamisha kichwa cheupe mpaka karibu na uso ule mwekundu uliokunjamana.

"Elisipeti Kaui wa Buckie," alisema. "Mimi ni Getruda, binti wa Wiliamu wako. Alikua. Alikuwa fundi. Hakupata nafasi ya kukuita, basi mimi nakuita badala yake." Akavuta pumzi, ikagoma, akaivuta tena. "Mama. Mama. Shikamoo mama."

Mtoto alikuwa bado analia. Wilhelmina akaitikia badala yake, kama tunavyowaitikia watoto wasioweza kusema.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba."